Mpunga Mwitu si Mmoja

Wakulima wa Ngarambe na wa bonde la Rufiji, wengi wetu tukiona katika jaruba mmea ufananao na mpunga, nasi hatukuupanda, huuita mpunga mwitu. Na shauri tupewalo ni moja tu: ung'oeni. Mimi naona shauri hilo ni nusu ya shauri. Mpunga mwitu si mmoja, na dawa ya huu siyo ya ule.

Macho hudanganya, hasa mimea ingali michanga. Kwa hiyo wataalamu wametafuta ushahidi ndani ya punje. Kila punje ina protini, akiba aliyowekewa mche, na kila namna ya nyasi huziunda protini hizo kwa desturi ya ukoo wake. Punje husagwa, protini hutolewa kwa maji ya dawa, kisha hutiwa katika bamba la jeli na kupitishiwa umeme. Zilizo ndogo hutangulia, kubwa huchelewa. Zikipakwa rangi huonekana kama mistari, nayo mistari ya mbegu mbili hulinganishwa. Hata kabla ya umeme ukoo huonekana: protini nyingi za mahindi na za mtama huyeyuka katika spiriti, maana hao ni jamaa wa karibu, nyingi za mpunga haziyeyuki humo.

Wala njia hii haijui yote. Mbegu mbili za mpunga wa shambani zaweza kutoa mistari ile ile, hali mkulima huzitambua kwa harufu ya wali wake. Hapo namwamini mkulima.

Lakini kwa mpunga mwitu tofauti ni kubwa, nayo ni kazi ya mikono yetu. Hapa Tanzania mna ule ambao wataalamu huuita Oryza longistaminata, na mna Oryza punctata. Wa kwanza ni ndugu wa damu wa mpunga wetu. Huchanganyika nao kwa chavua, nao huishi miaka mingi kwa mashina yatambaayo chini ya udongo. Ukiyakata kwa jembe ukayaacha katika tope, umeyapanda. Sharti yachimbuliwe, yatolewe shambani, yakaushwe juani. (Ndugu huyu si mbaya mtupu: kinga ya mpunga juu ya ugonjwa wa bakteria wa majani, iitwayo Xa21, ambayo jeni yake ilitengwa mwaka 1995, ilitoka katika mmea wake wa Mali.) Wa pili ni wa ukoo wa mbali zaidi, hauna mashina hayo, nao huenea kwa mbegu zidondokazo mapema. Huo ung'olewe kabla ya kukomaza masuke.

Basi, aandikaye shauri la palizi na aandike ni mpunga mwitu upi. Na mkulima asiyeutambua wake ampelekee Bwana Shamba suke pamoja na mzizi wake, ukiwa na udongo. Suke peke yake halionyeshi kama pana shina chini.