Mabira si kituo cha kuku wa kuchoma tu

Mfanyabiashara anayeingia Kampala kutoka Busia au Malaba anaijua Mabira kwa harufu ya moshi. Basi linasimama Najjembe, wachuuzi wanalizingira wakiinua kuku wa kuchoma, gonja na maji ya chupa hadi madirishani, kisha safari inaendelea. Nyuma ya vibanda hivyo kuna msitu wa takriban kilomita 300 za mraba. Wako abiria waliopita hapo kwa miaka kumi bila kuingia ndani yake hata mara moja.

Hiyo ni hasara, na wanaoishi kwa hesabu ya faida na hasara wangepaswa kuwa wa kwanza kuiona.

Safari ya biashara Kampala haikosi siku moja ya kungoja. Mzigo haujafungwa, hati za forodha hazijatoka, lori limekwama mpakani, au ni Jumapili na Kikuubo imepoa. Siku hiyo huishia katika chumba cha gesti au kwenye baa, ambako fedha hutoka bila risiti. Muda huohuo unatosha kwenda msituni na kurudi kabla ya giza.

Najjembe iko yapata kilomita 55 mashariki ya Kampala, katika barabara ya Jinja, na teksi za abiria hupita hapo kutwa. Msitu huo wa hifadhi uko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, na una njia za miguu za urefu mbalimbali pamoja na waongozaji wanaojua nyani na ndege wake. Anayetaka maporomoko ya maji hushuka Lugazi na kuchukua bodaboda hadi Griffin, ambako mto Musamya unaanguka katikati ya miti.

Karibu zaidi na jiji, kati ya Mukono na Lugazi, kuna mchepuko wa kwenda maporomoko ya Sezibwa. Hapo ni mahali pa urithi wa Buganda. Wazee husimulia kwamba mto huo ulizaliwa na mwanamke aitwaye Nakangu, pacha wa mto mwingine, Bwanda. Watu bado huenda kuomba baraka hapo, kwa hiyo mgeni huingia kwa adabu na kumsikiliza mwenyeji kabla ya kutoa simu apige picha.

Wanaotoka Mutukula au Katuna nao wana msitu wao njiani: Mpanga, wilayani Mpigi, umbali wa kilomita 35 hivi kutoka Kampala kwa barabara ya Masaka. Ni mdogo, na nusu siku inautosha. Katika barabara hiyohiyo kuna Mpambire, kijiji cha mafundi wa ngoma, na mwenye jicho la biashara hatarudi mikono mitupu.

Mipango yake si mizito kuliko ya kuagiza bidhaa. Inafaa kupiga simu siku moja kabla ili kuuliza kiingilio na malipo ya mwongozaji. Safari ianze saa moja asubuhi, na bei ya bodaboda ipatanwe ya kwenda na kurudi. Viatu viwe vya kufunika mguu na suruali ichomekwe ndani ya soksi, kwa sababu siafu hawamjui tajiri. Fedha za mzigo zibaki mahali salama. Mfukoni ziwe noti ndogo tu. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba mvua hufanya njia ziteleze. Saa tisa alasiri ni vizuri kuanza kurudi, maana foleni ya jioni ya Mukono haina huruma.

Lakini liko jambo kubwa kuliko matembezi. Waliofanya biashara Jinja miaka ya 2000 wanakumbuka maporomoko ya Bujagali. Leo hayapo, maji yaliyafunika mwaka 2011 kwa ajili ya bwawa la umeme la megawati 250. Hakuna mwenye kinu au jokofu la samaki atakayedharau umeme. Hata hivyo, ili kufidia hasara hiyo, Uganda iliahidi mwaka 2007 kuhifadhi eneo la Kalagala. Kisha likaja bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, na maji yake yakafunika sehemu ya eneo hilohilo.

Mabira yenyewe iliponea chupuchupu. Mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kutoa takriban hekta 7,100 za msitu huo zilimwe miwa. Mwezi Aprili watu waliandamana Kampala, na wengine walipoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Mpango ukasitishwa, lakini mwaka 2011 ukazungumzwa tena.

Nairobi ina somo hapa. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokuwa wakiutetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Leo familia hulipa kiingilio, hutembea na kukimbia humo, na anayeunyemelea msitu huo hukutana na maelfu ya watu wanaoujua njia kwa njia. Msitu usiotembelewa hutetewa na wachache. Wengine husikia habari zake wakati miti imekwisha kulala chini.

Serikali nazo zina deni. Tangu Januari 2014 Mkenya, Mnyarwanda na Mganda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Katika hifadhi za wanyama za Uganda, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana kiwango chao cha kiingilio. Utaratibu huo ungefaa kuwepo katika kila lango la msitu na maporomoko: bei moja kwa raia wa Jumuiya, iliyobandikwa wazi kwa shilingi, inayolipika kwa simu. Na kwa kuwa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kibao hicho kiandikwe kwa Kiswahili pia.

Jumuiya imezoea kuhesabu malori na makontena. Mfanyabiashara wa Kisumu, Bukoba au Kigali anayelipa kiingilio Najjembe naye ni biashara ya kuvuka mpaka, na fedha yake ni sababu moja zaidi ya kuuacha msitu ulivyo. Kuku atamkuta palepale barabarani akitoka.