Mpanda Baiskeli Naye Ana Haki ya Barabara

Apendaye kuujua mji wa Dar es Salaam na atoke nyumbani kwake saa kumi na moja alfajiri, kabla wakubwa hawajaamka. Atawaona wauza mkaa wakiteremka kutoka Kisarawe na Pugu, magunia yamefungwa nyuma na ubavuni hata baiskeli yenyewe haionekani, wakisukuma kwenye mwinuko na kujiachia kwenye mteremko. Atawaona wachuuzi wa samaki wakielekea Feri na matenga matupu, wapate kurudi nayo yamejaa kabla jua halijawa kali. Atamwona mlinzi akirejea kutoka zamu ya usiku, macho yamemwiva kwa usingizi, na muuza mikate, na mnoa visu ambaye baiskeli yake ndiyo chombo cha safari na ndiyo karakana. Wote hao wamo njiani kwa ajili ya riziki. Lakini ikifika saa moja na motokaa zikajaa, watu wale wale huonekana kana kwamba wamezuka ghafula kuwaudhi wenye njia. Hupigiwa honi, hutukanwa, husukumwa mpaka mchangani.

Twauliza leo: wenye njia ni nani?

Tumekwisha kusikia jibu la baadhi ya wenye motokaa. Husema kwamba wao hulipa tozo katika kila lita ya mafuta, na fedha hizo ndizo ziingiazo katika Mfuko wa Barabara, hali mwenye baiskeli halipi kitu. Maneno haya yana sura ya haki, na kwa hiyo yafaa kuchunguzwa. Mwenye baiskeli hununua sukari, sabuni, unga na nguo. Vitu hivyo vyote huletwa dukani na lori, na tozo ya mafuta ya lori imo ndani ya bei anayolipa. Anaponunua tairi au mnyororo mpya hulipa kodi kama watu wengine. Tena, huiharibu barabara kiasi gani? Mainjinia wa barabara wanayo kanuni yao ya siku nyingi: uzito unaokaa juu ya ekseli moja ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka kiasi cha mara 16. Kwa hesabu hiyo lori moja lililozidisha mzigo huikwangua lami kuliko baiskeli zote za Temeke zikipita mwaka mzima. Aliyevunja na ambaye hakuvunja wote wanachangia kuitengeneza, kisha yule ambaye hakuvunja anaambiwa apishe!

Wala tusisahau nafasi. Motokaa moja katika foleni ya asubuhi humchukua mara nyingi mtu mmoja tu, naye hukalia nafasi ambayo ingewatosha wapanda baiskeli kadha wa kadha. Mfanyakazi akaaye Temeke na kufanya kazi Kariakoo anaweza kufika kwa baiskeli kwa muda wa nusu saa bila kujitesa. Mwenye motokaa aliye katika njia hiyo hiyo hana hakika kama atafika kwa nusu saa au kwa saa nzima. Kila mtu anayeamua kupanda baiskeli humpunguzia foleni yule yule anayempigia honi.

Wako pia wanaosema kwamba baiskeli ni alama ya unyonge, na kwamba taifa linaloendelea huiacha nyuma. Hao ni ndugu wa wale ambao katika miaka ya 1960 watu waliwaita Wabenzi, ambao kipimo chao cha maendeleo kilikuwa ni aina ya gari walilopanda. Yafaa wasomewe historia kidogo. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hati ya tairi ya kujazwa pumzi, aliyoibuni kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli, na mpira ukatakiwa kwa wingi usio na mfano. Katika Kongo, ambayo tangu mwaka 1885 hadi 1908 ilikuwa milki ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, watu walilazimishwa kwa bunduki na viboko kugema mpira wa mwituni. Wake zao walishikwa rehani mpaka kipimo kitimie, na wengi walikatwa mikono. Raha ya mpanda baiskeli wa Ulaya, na baadaye ya mwenye motokaa, ililipiwa na Waafrika kwa damu yao. Basi mtu asituambie kwamba baiskeli ni hisani tuliyoletewa na mkoloni.

Katika nchi yetu chombo hiki kimefanya kazi ambayo motokaa haikuifanya. Raleigh nyeusi ya Kiingereza ilimfikisha mwalimu shuleni na mganga kijijini mahali ambapo gari lilipita mara moja kwa mwezi. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 haikuwa na magari ya kuenea nchi nzima, na kadi nyingi za wanachama zilifika vijijini zikiwa zimefungwa juu ya karia ya baiskeli. Katika miaka ya 1970 tulikuwa na kiwanda chetu wenyewe Dar es Salaam, kilichotoa baiskeli iliyoitwa Swala. Hakikudumu, na hilo lina tahariri yake siku nyingine. Hata leo mtu akifika Ifakara au Shinyanga ataona mji unaokwenda kwa baiskeli: mama aendaye hospitali, mpunga uendao mashineni, mtoto aendaye shule, mgeni ashukaye stendi. Huko hapana amwonaye mpanda baiskeli kuwa ni mzigo. Ni katika mji mkubwa, ambao umejaa watu waliotoka huko huko, ndiko anakohesabiwa kuwa kero.

Tungekuwa tunazungumza juu ya heshima tu, pengine tungenyamaza. Lakini hili ni jambo la uhai. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema kwamba watu kiasi cha 1,190,000 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Katika nchi kama yetu, mtu wa namna hiyo akifa au akivunjika mguu, mara nyingi ndiye aliyekuwa akilisha nyumba nzima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu. Wangapi huifuata usiku, barabara ikiwa tupu? Dereva akumbuke kwamba nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu mara nne ya lile linalokwenda 30, si mara mbili. Mpanda baiskeli hana bati wala kioo cha kumkinga.

Tutasema kweli kwamba Serikali haikukaa bure. Barabara ya Morogoro ilipotengenezwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendo kasi, yaliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Mei mwaka 2016, zilijengwa kando yake njia za waendao kwa miguu na za wapanda baiskeli, kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini njia hiyo imegeuzwa kuwa ghala la kila mtu. Hapa zimepangwa pikipiki zikingoja abiria, pale imetandikwa mitumba, mbele kidogo motokaa imeegeshwa na mwenyewe amekwenda benki. Mpanda baiskeli hulazimika kushuka kwenye lami, katikati ya malori, na akigongwa watu huuliza: kwa nini hakupita katika njia yake?

Hatusemi kwamba wachuuzi na vijana wa bodaboda wafukuzwe kwa marungu. Nao ni wafanyakazi, na wengi wao ni wanachama wenzetu. Walikaa pale kwa sababu wapangaji wa mji hawakuwawekea mahali pao. Lakini anayeegesha motokaa katika njia ya baiskeli hana udhuru hata kidogo, na polisi wa usalama barabarani waanze na huyo.

Watu wengi hudhani kwamba Uholanzi, nchi isifiwayo kwa baiskeli, ilizaliwa na sifa hiyo. Sivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili miji yao nayo ilianza kukabidhiwa kwa motokaa, na mwaka 1971 watu kiasi cha 3,300 waliuawa barabarani katika nchi hiyo ndogo, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Mwandishi wa gazeti mmoja aliyefiwa na binti yake aliandika makala ya ukali, na jina la makala hiyo, ambalo maana yake ni kukomesha mauaji ya watoto, likawa jina la chama cha wazazi waliotoka barabarani kudai haki. Mwaka 1972 watoto wa mtaa wa De Pijp mjini Amsterdam waliziba njia yao wapate mahali pa kucheza. Ilipokuja shida ya mafuta mwaka 1973, Serikali yao ilipiga marufuku motokaa siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho jinsi mji ulivyo bila ya magari. Mwaka 1977 mji wa Groningen uligawa katikati yake mafungu manne: mwenye motokaa hakuweza tena kuvuka kutoka fungu moja kwenda jingine ila kwa kuzungukia barabara ya nje, lakini mwenye baiskeli alipita moja kwa moja. Wenye maduka walipiga kelele kwamba watafilisika. Mpango ukakaa, na mji ungali na maduka hata leo. Haya yalifanywa na raia waliokuwa wamechoka kuzika watoto, pamoja na madiwani waliokubali kulaumiwa kwa muda.

Sasa tugeukie upande wetu, kwa maana lawama isiyomrudia msemaji haina thamani. Wako wapanda baiskeli wanaokwenda usiku bila taa, wamevaa nguo nyeusi, katika mkono usio wao, halafu hutaka dereva awe na macho ya paka. Dinamo na taa vikiharibika haviziki, hutengenezwa. Wako wenye mizigo ambao breki yao ni kandambili tu: mtu hukandamiza soli juu ya tairi katika mteremko, na gunia mbili za mkaa zinamsukuma kutoka nyuma. Twajua kwamba pedi za breki na waya wake ni fedha, na kwamba faida ya mkaa ni ndogo. Lakini fundi wa mtaani hukaza breki kwa bei iliyo ndogo kuliko ya bandeji. Katika hili matawi na mashina yaweza kusaidia: kuwaita mafundi siku ya Jumapili, kukagua baiskeli za wanachama, na kuchangishana kwa ajili ya yule asiye na kitu.

Waajiri nao wana neno la kujibu. Katika viwanda na maofisi mengi motokaa ya meneja ina banda lake na kivuli chake, na mlinzi huipigia saluti. Mfanyakazi akija na baiskeli, mlinzi yule yule humwuliza anaileta wapi. Huifunga kwenye mti nje ya ukuta, na mchana kutwa moyo wake uko kwenye mti ule. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, visione haya kuingiza humo banda la baiskeli na bomba la kuogea. Ni gharama ndogo, na zitamfanya mtu aanze kazi akiwa safi na ametulia. Vituo vikubwa vya mabasi navyo viwe na mahali pa kuacha baiskeli chini ya ulinzi, ili akaaye mbali na barabara kuu afike kituoni kwa baiskeli na kuendelea kwa basi.

Kwa madiwani na maofisa wa mji tuna ombi moja tu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hatuwaombi makubwa kama hayo. Tunawaomba waazime baiskeli, waende kutoka Kimara mpaka Kivukoni saa moja ya asubuhi siku ya kazi, bila pikipiki ya polisi kuwatangulia. Waandike katika daftari kila mahali walipolazimika kushuka, na daftari hilo lisomwe katika kikao kijacho cha baraza.

Nasi, tulipokuwa tukiandika maneno haya, mwenzetu mmoja wa chumba cha mitambo alituuliza baiskeli yake huifunga wapi. Tulitoka kutazama. Huifunga kwenye bomba la maji nyuma ya jengo, karibu na jaa, na juzi iliibiwa kengele. Vyuma vya kufungia baiskeli kumi na mbili vimeagizwa, na vitawekwa mbele ya mlango, mahali panapoegeshwa gari la mhariri.