Uvira: Mashine ya kupumulia bila umeme na bila mafundisho ni mzigo, si matibabu

UVIRA – Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, hakuna avenyu isiyokuwa na mtu anayekoroma mpaka jirani anamsikia. Asubuhi watoto wanamcheka. Mke wake hacheki, kwani yeye ndiye anayeamka usiku na kumsikiliza: mkoromo unakatika ghafla, kifua kinahangaika lakini hewa haiingii, kimya kinakuwa kirefu, kisha mtu anashtuka kama aliyezama ziwani akaibuka. Kesho yake huyo baba anasinzia kanisani, anasinzia kazini, na mbaya zaidi anasinzia juu ya pikipiki katika barabara ya Sange au nyuma ya usukani wa lori linaloelekea Baraka.

Hali hiyo ina jina. Waganga wanaiita apnea ya usingizi. Mtu akilala, nyama laini za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi inasimama kwa sekunde kumi au zaidi, ubongo unashtuka, mwili unaamka kidogo, njia inafunguka, kisha mchezo unaanza upya. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, hilo linatokea mara 30 au zaidi kwa kila saa moja. Mtu analala saa nane, lakini anaamka amechoka kuliko alivyolala. Tensheni inapanda na haitaki kushuka hata akimeza vidonge. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba watu wazima milioni 936 duniani, wenye miaka 30 hadi 69, wana hali hiyo, wengine kidogo, wengine sana.

Kwa hiyo si jini anayemkaba mtu usiku, si jirani aliyemroga, na kukoroma kwa nguvu si dalili ya mwanaume mwenye nguvu. Wanaouza maombi na mizizi kwa ajili ya jambo hili wanakula pesa za watu waliochoka.

Matibabu yanayojulikana zaidi ni mashine. Ni kisanduku kidogo kinachovuta hewa ya chumbani na kuisukuma kupitia mpira mrefu hadi kwenye maski ya puani au ya pua na mdomo. Hewa hiyo yenye msukumo inashikilia koo lisizibe. Aliyeitengeneza ni mganga Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na kazi yake ilitangazwa mwaka 1981. Haitoi oksijeni. Hilo lirudiwe, kwani tangu wakati wa Korona watu wakiona maski na mpira wanasema huyo anakufa. Mashine hii inasukuma hewa ileile ambayo kila mtu chumbani anaivuta.

Huku Uvira mashine hizo haziuzwi kwenye farmasi za mtaani kama vidonge. Anayeipata, mara nyingi ni kwa sababu ana ndugu Marekani, Kanada, Australia au Ulaya aliyemtumia, au kwa sababu alijitahidi akafika Bujumbura au mbali zaidi kupimwa. Familia inachanga, mzigo unavuka mpaka, kisanduku kinafika nyumbani. Baada ya wiki mbili kimewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa.

Hapo ndipo lawama zinaanza. Ndugu aliyetuma anapiga simu kwa hasira: «Tumetumia pesa zote hizo, na wewe hutaki kuivaa?» Mke anasema mume ni mkaidi. Muuguzi anasema mgonjwa hafuati maagizo. Hukumu imetoka kabla mtu hajaulizwa hata swali moja: usiku ule wa kwanza ulikuwaje?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usiku wa kwanza na maski ni usiku wa hofu. Hewa inaingia kwa nguvu na mtu anahisi anazuiwa kutoa pumzi. Maski inabana, ikilegezwa hewa inavuja na kupiga macho. Mdomo unakauka. Joto la chumba chenye bati bila dari linamfanya atoke jasho chini ya mpira. Mpira unagombana na chandarua. Na yule aliyewahi kujificha chini ya kitanda risasi zikilia nje, au aliyewahi kutoka kwenye maji ya Mulongwe usiku wa mafuriko ya Aprili 2020, kufunikwa uso na kitu usiku si jambo dogo kwake. Akiling'oa saa saba za usiku, si ukaidi. Ni mwili unaojitetea.

Wala si Uvira tu. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa watu 2,717 katika nchi kama China, Australia, Uhispania, Brazili na India. Wagonjwa wa kundi la mashine waliipata wakiwa na waganga wa kuwafuatilia. Hata hivyo, kwa wastani waliivaa saa 3.3 tu kwa usiku. Uchunguzi huo haukuonyesha kwamba mashine ilipunguza mishtuko ya moyo au viharusi kwa watu hao, na hilo lisifichwe. Lakini usingizi wa mchana ulipungua, kukoroma kulipungua, na maisha ya kila siku yakawa bora. Kwa motari au dereva wa lori, kutosinzia mchana ni uhai wake na uhai wa waliokaa nyuma yake.

Sasa, kama watu waliofuatiliwa na waganga waliweza saa tatu na kidogo, kwa nini mtu wa Kasenga aliyepewa kisanduku bila neno lolote ahukumiwe kama mhalifu?

Kosa la kwanza ni la wanaotoa mashine na kuondoka. Kituo cha tiba kinachompima mtu, kikamwandikia mashine, kisha kikamwacha aondoke bila kumfundisha kuchagua maski inayomtosha, bila kumwambia kwamba mashine nyingi zinaweza kuanza na msukumo mdogo na kupanda polepole, bila kumpa siku ya kurudi, hakijamtibu. Kimempa mzigo. Mtu akipewa vidonge vya kifua kikuu anafuatiliwa mpaka amalize. Mashine ya kuvaliwa kila usiku kwa miaka inahitaji ufuatiliaji huohuo, hasa mwezi wa kwanza, kwani ndio wakati wengi wanakata tamaa.

Kosa la pili ni la ndugu wa ng'ambo, ingawa nia yao ni njema. Mashine iliyotumiwa na mtu mwingine ilipangiwa koo la mtu huyo. Msukumo unaomfaa shangazi huko Texas unaweza kumtesa mjomba wa Nyamianda, au usimsaidie kitu. Tena, mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilirudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji iliyokuwa ndani iliweza kuoza na vipande vyake kuvutwa na mgonjwa. Mashine ya zamani isiyojulikana ilitoka wapi isivaliwe kabla namba yake haijaangaliwa na anayejua. Anayetaka kusaidia, atume pesa ya kipimo kwanza, kisha mashine, maski ya ukubwa sahihi, machujio ya akiba na waya wa betri.

Kosa la tatu ni la wenye mamlaka. Mashine inataka umeme usiku kucha, na wakaaji wa Uvira wanaujua umeme wao. Ukikatika, mashine inazima, mgonjwa anaamka na hofu. Maski zilizotengenezwa vizuri zina matundu ya kuingiza hewa ya nje hivyo hatakosa pumzi, lakini nani alimwambia? Mashine nyingi za siku hizi zinaweza kwenda kwa volti 12 au 24, maana yake betri na plaki ya jua vinatosha ikiwa waya ni wake na kifaa cha kupasha maji kimezimwa. Nyumba inayochaji simu za jirani kwa jua inaweza kufundishwa jambo hili. Lakini kituo cha afya ambacho hakina mtu mmoja anayelijua kitaendelea kusema «subirini umeme».

Kosa la nne linahusu waliokimbia. Februari 2025 Bukavu ilipoanguka, familia nyingi zilishuka kupitia tambarare ya Ruzizi zikafika Uvira, nyingine zikavuka mpaka Burundi. Desemba 2025 vita vilipofika Uvira kwenyewe, makumi ya maelfu walivuka tena. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria na godoro. Mashine ya kupumulia inabaki. Akifika kwenye kambi kama Musenyi au Busuma, anaulizwa ana watoto wangapi, kama wamechanjwa, kama kuna anayehara. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini mwenye tensheni, mwenye sukari na mwenye pumzi inayokatika usiku mara nyingi haulizwi, naye ananyamaza kwa sababu ya aibu: katika hema, mkoromo wake unawakesha watu wa familia tatu.

Kuna watakaosema: Uvira ina kipindupindu, ina risasi, ina njaa, na ninyi mnaleta habari za kukoroma? Swali ni halali na lina jibu. Anayekufa kwenye ajali kwa sababu dereva alisinzia amekufa kama wengine. Mwenye tensheni isiyoshuka anarudi hospitalini kila mwezi na pesa ya familia inaisha. Na hatua ya kwanza haihitaji mfadhili wa mamilioni. Tangu mwaka 2008 kuna maswali manane yaliyotungwa na waganga wa Toronto, Kanada: je, mtu anakoroma kwa nguvu, anachoka mchana, kuna aliyemwona akisimama kupumua, ana tensheni, ni mnene sana, amepita miaka 50, shingo yake inazidi sentimita 40, ni mwanaume? Majibu matatu ya «ndiyo» yanatosha kumshuku, matano au zaidi yanataka aharakishwe kupimwa. Inatakiwa kalamu, mizani na futi ya fundi cherehani. Zone ya afya ikitaka, inaweza kuanza Jumatatu, na ianze na madereva na wamotari.

Wakati hayo yakisubiriwa, mgonjwa mwenye mashine juu ya kabati aishushe. Aivae kwanza mchana, akiwa amekaa na macho wazi, nusu saa huku akisikiliza redio, mpaka uso uzoee. Kisha wakati wa kupumzika mchana. Kisha usiku, hata saa mbili tu, na kesho kidogo zaidi. Kama mdomo unafunguka na kukauka, huenda maski ya pua peke yake haimfai. Maski ioshwe kila siku kwa sabuni laini. Chujio liangaliwe mara kwa mara, hasa nyumba inayopika kwa makala. Maji ya bomba au ya ziwa yasimwagwe kamwe kwenye kikombe cha mashine: yanatakiwa maji yaliyotoneshwa kama maelezo ya mashine yanavyotaka, na yakikosekana, mashine nyingi zinaweza kutumiwa bila maji kabisa.

Asiye na mashine naye ana la kufanya. Alale ubavu, si chali. Mnene apunguze uzito. Aache kanyanga na kasiksi za jioni, na aache vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila karatasi ya mganga, kwani vyote vinazidisha kulegea kwa koo. Haya hayachukui nafasi ya matibabu kwa aliyezidiwa, lakini yanasaidia.

Kuhusu aibu: Juni 2023 rais wa Marekani wakati huo, Joe Biden, alionekana mbele ya waandishi na alama za mikanda mashavuni. Ofisi yake ikaeleza kwamba anatumia mashine ya kupumulia usiku kwa ajili ya apnea. Alama zile zilikuwa za maski ileile inayofichwa chini ya kitambaa huko Mulongwe.

Wanaodaiwa wanajulikana. Vituo vya tiba vinadaiwa mafundisho na siku ya kurudi. Zone ya afya inadaiwa maswali manane na orodha ya walioshukiwa. Mashirika ya kibinadamu yanadaiwa swali moja zaidi kwenye mlango wa kambi, na tundu la kuchomeka waya kwa yule aliyefika na mashine yake. Ndugu wa ng'ambo wanadaiwa simu isiyo na hasira. Mgonjwa anadaiwa kujaribu tena, na amjaribie mtu aliyemfundisha. Mpaka wengine walipe deni lao, asiitwe mkaidi.