Unaicheka Katuni Yake Kila Siku, Jina Lake Hulijui

Wadau, leo tuongee ukweli. Hakuna grupu la WhatsApp mjini hapa linalomaliza siku bila kupitisha katuni. Asubuhi ya foleni, mchana ya bosi mnoko, usiku ya mapenzi. Mnacheka, mnatag, mnaweka status, kesho inakuja nyingine.

Haya, nitajie majina matatu ya watu wanaozichora. Gado na Kipanya usiwataje, hao kila mtu anawajua. Nawauliza hawa wa sasa, wasio na gazeti wala kampuni nyuma yao, wanaochorea chumbani Mbagala au Nyegezi kwenye tableti iliyopasuka kioo, wakisubiri bando la usiku ndio waposti.

Kimya, eh?

Ndio maana nasema hivi: mchora katuni anayejitegemea hafi kwa kukosa mashabiki. Mashabiki anao, tena wengi. Kinachommaliza ni mashabiki wanaokula kazi yake bila kujua jina lake na bila kumlipa hata jero.

Kiki bila jina

Kuna staa mmoja, jina nalihifadhi, mwenyewe akisoma hapa atajijua. Wafuasi wake wanavuka milioni. Siku moja akaichukua katuni ya dogo mmoja wa Dar, akakata ile kona ya chini yenye saini, akaweka vikaragosi viwili vya kicheko, akaposti. Laiki zikamwagika.

Dogo akaja kwenye komenti kwa adabu zote: "Bro, hiyo kazi ni yangu, naomba unitaje." Mashabiki wa staa wakamshukia. Eti ana njaa. Eti ashukuru amepewa kiki.

Kiki gani wakati jina limekatwa? Waliocheka siku ile hawakuwa na njia ya kumpata. Hawakujua kwamba mtu huyo ana hadithi nzima, ina wahusika, ina mwanzo na mwendelezo. Walipewa utani wakanyimwa mtu.

Na hili la kukata saini sio jambo dogo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro kama inavyolinda wimbo, na inampa aliyeutengeneza haki ya kutambulika kuwa ni wake. Hebu fikiria mtu achukue wimbo wa staa huyohuyo, afute sauti inayotaja jina lake mwanzoni, kisha auposti kama umeshuka kutoka mbinguni. Mji usingelala.

Sehemu ya 8 itatoka lini?

Ngoja nikupe mfano mwingine, huu unaniuma zaidi.

Kuna dada mmoja wa Kanda ya Ziwa alianza katuni ya hadithi kuhusu binti anayeendesha bodaboda usiku ili amsomeshe mdogo wake. Kazi ilikuwa tamu. Lugha ya mtaani kabisa, michoro safi, na kila sehemu aliimalizia pabaya, mpaka unajikuta unamchukia. Sehemu tatu za mwanzo alizitoa bure. Kuanzia ya nne akaanza kuuza: unatuma buku kwa simu, anakutumia PDF kwenye WhatsApp.

Watu walinunua. Sio wengi, ila walinunua. Sehemu ya 7 ilipotoka, mnunuzi mmoja akaitupa kwenye grupu. Kutoka grupu hilo ikaenda lingine. Kufika saa nne usiku kila mtu anayo, na walionunua wakaanza kujiona wajinga kwa kulipia kitu ambacho wenzao wamekipata bure.

Sehemu ya 8 haijatoka mpaka leo. Siku hizi anachora kadi za harusi na mabango ya semina, kwa sababu bwana harusi analipa. Ukipita kwenye ukurasa wake utakuta komenti zilezile: "Dada vipi, ya 8 lini?" "Unatuchelewesha bwana!" Nina uhakika wanaoulizia kwa sauti kubwa ndio walioisoma ya 7 kwenye grupu.

Tupige hesabu ya haraka. Tuseme mchoraji ana wafuasi elfu kumi na mbili. Wasilipe wote. Walipe mia tatu tu, bukubuku. Hiyo ni laki tatu kwa toleo moja. Kodi ya chumba inatoka, bando linatoka, na mwezi ujao hadithi inaendelea. Mia tatu kati ya elfu kumi na mbili! Hatuzungumzii miujiza hapa.

Usisahau kazi inayolala kwenye ukurasa mmoja. Kuna kutunga kisa, kugawa visanduku, kuchora kwa penseli, kupitia kwa wino, kupaka rangi, kuandika maneno kwenye viputo, kisha kurekebisha mkono wa mhusika uliogoma kukaa sawa. Ukurasa wa rangi unaweza kumla mtu siku nzima na zaidi. Wewe unaumaliza ukiwa unasubiri chipsi zikauke mafuta.

Enzi za Sani walikuwa wananunua

Wazee wetu wa miaka ya 80 na 90 wanatushinda hapa. Muulize mjomba wako kuhusu jarida la Sani, uone atakavyotabasamu. Atakutajia Lodi Lofa, Madenge, Pimbi na Kipepe kama anataja jirani zake wa utotoni. Jarida lile lilipata jina kwa kuunganisha majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, na liliishi kwa sababu watu walitoa hela mfukoni kwenye meza ya muuza magazeti.

Walikuwa wanaazimana, ndio. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima mpaka jalada likachanika. Lakini yule wa kwanza alinunua. Sisi leo tunasoma watu mia tatu na hakuna aliyenunua hata mmoja.

Hata hao wazee kuna kitu kiliwapita. Majina ya wahusika wanayo kichwani, ila muulize mjomba huyohuyo kuhusu Philip Ndunguru. Kijana huyu alikuwa miongoni mwa wachoraji walioipa Sani sura yake, akafariki mwaka 1986. Wengi waliocheka na michoro ile hawalijui jina lake. Ugonjwa huu ni wa zamani, simu zimeuongezea kasi tu.

"Mbona nyingine zinatolewa bure?"

Nimeshalisikia sana hili. Watu wanatolea mfano Shujaaz ya Kenya, iliyoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure kwa vijana. Ilifika mbali mpaka ikabeba tuzo ya kimataifa ya Emmy. Nzuri sana, naikubali.

Ila bure ile kuna mtu aliilipia. Nyuma yake kulikuwa na kampuni na pesa za wafadhili, wachoraji wakalipwa, wewe ukasoma. Dada yetu wa bodaboda hana mfadhili. Mfadhili wake ni wewe, na ukikunja mkono hakuna mwingine anayekuja.

Halafu kuna wale wa "katuni za kibongo hazina kiwango, mimi nasoma manga tu." Sawa, soma. One Piece ni noma, hakuna anayebisha. Lakini Eiichiro Oda alianza nayo mwaka 1997 ndani ya jarida linalouzwa kila wiki, akiwa na mhariri na wasaidizi wa kuchora, na Wajapani wakilinunua. Unachukua kazi ya jeshi zima unaipima na ya mtu mmoja anayechora baada ya kutoka kibaruani, halafu unasema hajui?

Kiwango kinajengwa na wasomaji waliovumilia mwanzo. Mcheki Roye Okupe, Mnigeria. Mwaka 2015 aliwaomba watu wamchangie mtandaoni ili achapishe katuni yake ya shujaa, E.X.O. Wakachanga watu wa kawaida tu. Baadaye kampuni kubwa ya Marekani, Dark Horse, ikaja kuchapisha kazi zake, na mwaka 2025 katuni yake Iyanu ikaingia kwenye runinga ikiwa na uhai na sauti. Au wacheki Kugali, jamaa wawili wa Nigeria na mmoja wa Uganda. Walikuwa wanatoa komiki, Disney ikawaona, na mwaka 2024 Iwájú ikatoka. Kampuni kubwa zilifika zikakuta wasomaji wameshatangulia. Kwetu tunasubiri Disney atangulie, ndio sisi tuanze kusema "huyu dogo nilimjua zamani."

Sasa ufanyeje?

Kwanza, wasake. Ukiona katuni imekuchekesha, angalia pembeni kama kuna saini. Ikiwa imekatwa, uliza kwenye komenti, "Nani kachora?" Uliza mpaka aliyeposti aone aibu. Ukimpata mmoja, pitia anaowafuata, maana wachoraji wanajuana. Na ukiwa Dar, siku moja pita kwenye maonyesho ya sanaa kama yale ya Nafasi pale Mikocheni, uliza nani hapo anachora hadithi za katuni.

Pili, taja jina. Hii haina gharama hata senti. Shea posti ya mwenyewe badala ya skrinshoti. Ukiweka status, mtag. Kama hela huna mwezi huu, hilo peke yake ni msaada mkubwa.

Tatu, nunua toleo. Buku ni soda. Ukishanunua, PDF ibaki kwako. Rafiki akiiomba, mpe namba ya mchoraji. Na kama una hela kidogo zaidi, mwagize akuchoree picha ya bethdei ya shemeji badala ya kununua kikombe chenye picha ya kudownload.

Nne, nyie wa makampuni na wenye kurasa kubwa, acheni "tutakutangaza tu." Wapiga picha mnawalipa, MC mnamlipa, hata mwenye spika mnamlipa kabla hajafunga nyaya. Mchoraji naye ana tumbo.

Na nyie wachoraji, hamjapona

Siwezi kuwasema mashabiki peke yao. Wachoraji, na nyie mna yenu. Mnaanza hadithi ya sehemu thelathini wakati mna nguvu ya sehemu tatu. Mnapotea miezi mitano bila taarifa, mnarudi na "samahani wapendwa," halafu mnaanza hadithi nyingine! Msomaji aliyelipia anaumia pia. Anza na kisa kifupi cha kurasa nane kikaisha. Msomaji akishaona unamaliza, ndio atakuamini na buku yake.

Na saini msiiweke kona ambayo mtu anaikata kwa kidole. Iweke ndani ya mchoro, kwenye bango la duka, kwenye namba ya daladala, kwenye fulana ya mhusika. Namba ya malipo iandikeni wazi. Kuna watu wanataka kuwalipa na hawajui walipie wapi, wanaona aibu kuuliza.

Mimi siamini kwamba vijana wa mjini ni wachoyo. Tunachangia harusi za watu tusiowajua vizuri, tunalipa VIP kwenye shoo ya saa moja. Hatujazoea tu kuona katuni kama kazi ya mtu, tunaiona kama kitu kinachoota chenyewe kwenye simu. Kwa hiyo kabla hujatoka hapa, andika chini kwenye komenti jina la mchoraji mmoja wa katuni unayemkubali na ukurasa wake, wenzako wamfuate. Kama huna hata mmoja, subiri wengine waandike, chagua, kisha tuma buku yako leo.

Na wewe ulieirusha sehemu ya 7 kwenye grupu, namba ya dada bado ni ileile. Anza kwa kulipia ile uliyogawa, halafu ndio umuulize ya 8.