Usasaleo wa Watatari sio mtumba!

Wadau, kuna kauli imezoeleka kwenye mijadala yetu ya fasihi na leo naipinga. Eti mshairi wa lugha ndogo akivunja vina, akachanganya lugha, akakejeli mashairi ya mababu, basi kaiga Ulaya. Usasaleo wa mtumba! Safari hii wanaosemwa ni washairi wa Kitatari, kule Kazan kwenye mto Volga, nchini Urusi.

Jamani, hebu tuanze na Gabdulla Tukay, mshairi wao wa taifa. Mwaka 1908 alichukua utenzi wa zamani wa kidini kuhusu kichwa kilichokatwa kinachoongea, akaugeuza kuwa kejeli ya watu wa soko la nyasi pale Kazan. Kuchukua matini ya kale na kuicheka kutoka ndani, si ndiyo hiyo tunayokariri kuwa alama ya usasaleo? Tukay alifariki 1913, akiwa na miaka 26. Barthes, Foucault, Lyotard, Derrida: hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa. Sasa nani kamwiga nani?

Halafu mnauliza kwa nini mashairi yao ya leo yamekatika vipande. Yasikatike vipi? Kitatari kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zikaja za Kilatini, na mwaka 1939 zikaja za Kikirili, kama za Kirusi. Mjukuu akifungua daftari la babu haambulii kitu! Sisi tuliohama hati mara moja tu, wangapi kati yetu wanaweza kusoma miswada ya tenzi zetu za zamani? Kwao matini iliyokatika ni historia ya nyumbani, sio mchezo wa nadharia.

Nakubali wapo wanaojificha. Mtu anaandika vurugu halafu anaiita usasaleo. Huyo tumkosoe kwa shairi lake, sio kwa kabila lake. Hata Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema yale sio mashairi. Leo tunamfanyia mtihani.

Kinachoutishia ushairi wa Kitatari kiko darasani. Mwaka 2017 Kitatari kiliacha kuwa somo la lazima kwenye shule za Tatarstan, kikawa cha hiari, tena kwa saa zisizozidi mbili kwa wiki. Sensa ya Urusi ya 2010 ilihesabu wazungumzaji milioni 4.3 hivi, ile ya 2021 ikahesabu milioni 3.3 hivi. Na kejeli inahitaji msomaji anayemjua anayekejeliwa. Mtoto asiyefundishwa Tukay atajuaje kwamba Tukay anataniwa?

Kwa hiyo sisi tunaokwenda kushika chaki tuache kulilia vina. Tupiganie vipindi vya lugha, huko kwao na hapa kwetu, maana bila msomaji hakuna cha usasa wala usasaleo.

Anayebisha karibu, ila aje na hoja.