Nani Atashuka Gulwe?

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kisha ikafika Dodoma mwezi uliofuata, mjadala wetu wote kuhusu reli umebaki na swali moja tu: masaa mangapi?

Anayesifu atakuambia Dar mpaka Dodoma ni chini ya manne, wakati basi lilikuwa linakumalizia siku nzima. Anayeponda atakujibu kwamba kilomita 160 kwa saa si mwendokasi wa maana. Kwa kipimo cha kimataifa, reli mpya huitwa ya kasi kubwa ikifika 250, na Wamoroko tangu 2018 wanakimbia 320 kati ya Tangier na Kenitra. Basi hapo watu watabishana mpaka bando liishe.

Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wananichosha. Wanachobishania ni kitu kile kile: anayeondoka Dar na kufika Dodoma. Kwao reli ina ncha mbili, na katikati kuna madirisha ya kupigia picha.

Mimi swali langu ni jingine. Nani atashuka Gulwe?

Kwa asiyepajua, Gulwe ni stesheni iliyoko wilaya ya Mpwapwa. Reli haifiki Mpwapwa mjini, kwa hiyo anayekwenda huko kwa treni hushukia Gulwe, halafu anatafuta usafiri wa kumalizia. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kwenye taarifa za mafuriko tu. Mwishoni mwa 2009 maji yalivunja reli ya zamani katika kipande cha Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Reli mpya nayo inapita ukanda huo huo, na kituo kimejengwa. Nani anakitumia, mara ngapi kwa siku, akiwa na mzigo gani? Hapo mjadala wetu unapata bubu.

Najua kuna msomaji ameshaanza kuguna: blogu ya vitabu na reli wapi na wapi? Ndugu yangu, sisi watu wa vitabu ndio tulipaswa kuliuliza swali hili kabla ya wahandisi. Fungua tu riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ile ambayo Ida Hadjivayanis ametuletea kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mtoto Yusuf anasimama kwenye jukwaa la stesheni ya Kawa akiwatazama Wazungu wawili. Na huo mji wa Kawa ukoje? Ulichangamka Wajerumani walipoufanya ghala la vifaa vya kujengea reli ya kwenda bara. Reli ilipokwisha, uchangamfu nao ukaenda zake. Treni zikawa zinasimama hapo kuchukua kuni na maji tu.

Soma tena hayo ya kuni na maji. Kuna mji mzima, wenye hoteli ndogo ya baba yake Yusuf, wenye watu na madeni yao, lakini kwa treni mji huo ni mahali pa kunywa maji. Tuzo ya Nobel ya 2021 tuliishangilia kwa vifijo. Hiki kilichoandikwa ndani ya kitabu sijaona tukikijadili, hata siku reli mpya ilipofunguliwa.

Sasa angalia jambo la ajabu. Reli ya kati ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilikuwa ya kikoloni kwa kila hali. Haikujengwa ili mkulima wa Ugogo apate unafuu. Lakini injini ya mvuke ilikuwa na udhaifu mmoja uliowafaa watu: ilishikwa na kiu. Ilibidi isimame kila baada ya mwendo fulani, ipende isipende. Iliposimama, mama alileta ndizi, mwingine mayai ya kuchemsha, mwingine mkeka. Ikazaliwa gulio, ikazaliwa mitaa. Miji kadhaa ya njiani tunayoiona leo ilishika pumzi kwa sababu chuma kilihitaji maji.

Treni ya umeme haina kiu. Inaweza kutoka Dar mpaka Dodoma bila kumhitaji mtu yeyote aliyeko katikati. Ndiyo maana nasema kusimama sasa ni uamuzi. Zamani mashine iliamua kwa niaba yetu, leo lazima binadamu aamue, aandike kwenye ratiba kwamba hapa tutasimama dakika kadhaa, na kwamba dakika hizo zina thamani. Kila dakika ya Gulwe inaiharibu ile namba ya kujivunia. Ukiwa na mjadala unaouliza masaa mangapi peke yake, Gulwe imeshindwa kesi kabla haijasikilizwa.

Hata jina tulilolichagua linatusaliti. Garimoshi lilikuwa jina la kitu chenyewe: gari, na moshi wake. TAZARA tuliiita Reli ya Uhuru, jina lililotaja sababu ya kujengwa kwake. Hii ya sasa tunaiita mwendokasi, jina tulilolichukua kwa mabasi ya Dar es Salaam, ambayo aliyewahi kuyasubiri kituoni saa kumi na moja jioni anajua kasi yake. Jina hilo halisemi treni inakwenda wapi wala inambeba nani. Linataja sifa moja tu, na sifa hiyo ndiyo imegeuka kuwa mjadala mzima.

Nisieleweke vibaya. Sipingi reli. Nimeipanda na nimeifurahia, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza, shilingi 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma, haikuwa ya kumkimbiza mtu kwenye basi. Najua pia kwamba reli hailipwi na abiria. Mzigo ndio utakaolipa mkopo, makontena ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na hilo halina aibu. Wala siko upande wa wale wanaosema tungejenga zahanati kwanza, kana kwamba mgonjwa wa Kidete hafiki hospitali kwa kupita njia yoyote.

Ninachokataa ni kufanywa nchi ya watu wa ncha mbili.

Majirani zetu Kenya walitutangulia, na tungeweza kujifunza bila kulipa ada. SGR yao ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa 2017. Mjadala wao ulikuwa mkali kuliko wetu: deni, zabuni, mikataba iliyofichwa. Yote hayo yalistahili kelele. Lakini tazama yaliyompata mtu wa kawaida wa njiani na wa pwani. Stesheni ya Mombasa ikawekwa Miritini, ya Nairobi ikawekwa Syokimau, kwa hiyo safari inaisha kabla hujafika, na unatafuta safari ya pili. Mwaka 2019 serikali ikaamuru makontena ya bandarini yapakiwe kwenye treni. Wenye malori na wakazi wa Mombasa wakaandamana, maana kazi zilikuwa zinahamishwa mbele ya macho yao, na madereva ndio wateja wa mama lishe na wenye nyumba za kulala wageni kando ya barabara kuu. Amri ikaja kufutwa 2022, serikali ilipobadilika. Miaka yote hiyo, swali la nani anaishi katikati liliulizwa na waandamanaji kabla ya wapangaji.

Kuna jibu moja ambalo hutolewa haraka kwa hoja kama yangu: hayo ni maneno ya hisia, vituo vidogo havina abiria, havina faida. Sawa, twende kwenye ushahidi, na ushahidi tunao hapa hapa nyumbani.

TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya Benki ya Dunia kusema haitalipa. Lengo lilikuwa shaba ya Zambia. Kwa kipimo hicho, wabishi wana haki ya kutucheka: ilibuniwa kwa tani milioni mbili kwa mwaka, na kufikia 2015 ilikuwa imeanguka chini ya laki moja. Lakini mwanahistoria Jamie Monson alifanya jambo ambalo wachumi hawakulifanya. Alikaa na risiti za vifurushi kutoka stesheni ndogo za bonde la Kilombero. Huko akakuta maisha: nani alituma gunia la mpunga, kwenda wapi, nani alituma ndizi, nani alihamia kijiji cha jirani na stesheni kwa sababu treni ya kawaida ilisimama hapo. Reli iliyokuwa inashindwa kwenye shaba ilikuwa inafanya kazi kwenye mpunga. Watu walikuwa wameigeuza ikawa yao.

Na mwaka 1994, wakubwa walipopanga kupunguza huduma kwenye vituo hivyo, wanakijiji waliandika barua kali kwa viongozi wa wilaya kupinga. Hoja yao haikuwa kuomba huruma. Walisema reli ni ya wananchi, na kwamba waliambiwa hivyo tangu ilipokuwa inajengwa.

Nikiulizwa maandishi bora yaliyowahi kuandikwa nchini kuhusu reli, nitataja barua ile na risiti zile kabla ya utenzi wowote wa kusifia uzinduzi. Mwenye barua alijua anachokidai. Alijua jina la kituo, siku ya treni, na uzito wa gunia lake. Sisi wasomi wa mjini, tukiandika juu ya treni, tunaandika mambo mawili tu. Ama tunashangilia kasi kama watangazaji wa mpira, ama tunalilia honi ya garimoshi la utotoni, safari za kwenda kwa bibi, harufu ya moshi kwenye nguo. Yote mawili ni mambo ya abiria aliyekaa dirishani. Mtu aliye nje ya dirisha, anayetazama behewa likipita, tumemwachia Gurnah peke yake.

Kwa hiyo naomba tubadilishe mabishano. Tuache masaa mangapi, tuulize haya.

Treni ngapi kwa siku zinasimama kwenye kila kituo cha kati, na kwa saa zipi? Kusimamisha treni Gulwe usiku wa manane ni sawa na kutoisimamisha.

Kuna behewa la mzigo mdogo? Mwenye magunia mawili ya karanga za Mpwapwa hana kontena, lakini hawezi kuyapakata kwenye kiti. Kama treni ya abiria haimbebi na treni ya mizigo haimwoni, basi reli imepita kwake, haikumfikia.

Kutoka kituoni mpaka mjini mtu anakwenda na nini? Kituo cha vioo katikati ya pori, bila Hiace wala barabara ya changarawe inayopitika masika, ni mnara wa ukumbusho.

Na reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja, itaendelea kutunzwa? Kuna stesheni zake ambazo mpya imeziruka. Kuiacha ife kimya kimya ni kuwanyang'anya watu walichokuwa nacho kwa kuwaonyesha cha mwenzao.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kubomoa kitu. Nguzo zimesimama, mahandaki ya Kilosa yamechimbwa, umeme unapita. Kilichobaki ni ratiba, na ratiba ni karatasi. Inaweza kuandikwa upya mwezi ujao kama kuna watu wanaoidai. Kipande cha kwenda Mwanza bado kinajengwa, na huko nako kuna akina Gulwe wengi ambao hatujajifunza hata majina yao.

Mtaniambia treni ikisimama kila mahali haitakuwa mwendokasi tena. Basi ziwe mbili. Moja ikimbie na wenye haraka zao, mawaziri na wafanyabiashara na mimi siku nikichelewa. Nyingine isimame. Lakini hiyo ya pili isiwe ya huruma, mabehewa mabovu na saa zisizoeleweka. Iwe treni kamili, na jina lake litangazwe kwa kipaza sauti kile kile.

Safari ijayo ukifika dirishani kukata tiketi, usiulize masaa mangapi. Uliza treni gani inasimama Gulwe, na ya kurudi ni saa ngapi. Kama aliyeko dirishani atalazimika kwenda kumuuliza mwenzake, utakuwa umeshapata jibu la kwanza.