Rejista ya wakulima isitegemee ghala moja

Mkulima wa Lumakanda, Kaunti ya Kakamega, ajua vyema kwamba mvua ya Machi haimngojei mtu. Mbolea ya kupandia ikichelewa, mahindi hudhoofu, na hasara hiyo hailipiki hadi msimu mwingine. Ndiyo maana twaona ni wajibu wetu kulizungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao: namna rejista ya wakulima inavyopaswa kuhifadhiwa.

Mnamo Septemba 2022 serikali ilianza kuuza mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500 kwa gunia la kilo 50, na mwaka wa 2023 ikaishusha bei hiyo hadi Sh2,500. Ili kuwazuia walanguzi, wakulima waliandikishwa kupitia kwa machifu na manaibu wao, kisha wakatumiwa ujumbe wa simu wa kwenda nao kituoni pamoja na kitambulisho. Nia hiyo ni njema. Lakini maana yake ni kwamba jina lisipopatikana katika kompyuta, mkulima hurudi nyumbani mikono mitupu, hata ikiwa kila jirani analijua shamba lake.

Rejista kubwa namna hii haifai kubebwa na seva moja. Desturi ya wataalamu ni kuunganisha seva kadhaa zinazotumia hifadhi moja ya pamoja, ili moja ikizimika nyingine ziendelee na kazi. Hapo ndipo penye hatari. Seva zaweza kuwa nne, lakini diski zinazozitegemea zikiharibika, zote nne hubaki kutazamana. Ni sawa na ghala lenye milango minne na paa moja bovu.

Kwa hiyo, kila data haina budi kuwa na nakala mbili au tatu, katika diski zisizotegemea kifaa kimoja. Vilevile, data inayotumika kila siku itengwe na ile ya kuirejesha pindi ajali itokeapo. Tena kuna suala la kura. Mawasiliano baina ya seva yakikatika, kila moja yaweza kudhani mwenziwe amekufa, zote mbili zikaandika katika daftari lile lile na kulivuruga. Ndiyo sababu mifumo kama Oracle huwa na diski za kura, aghalabu tatu au tano. Seva isiyoona zaidi ya nusu yake huondolewa kazini. Fundi anayeziweka zote katika kabati moja amezinyima maana.

Hata hayo hayatoshi. Karani akifuta kwa bahati mbaya majina ya kata nzima, kosa hilo hunakiliwa papo hapo katika diski zote. Akiba ya kweli ni ile iliyowekwa mbali, na ambayo imejaribiwa. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, baadhi ya sehemu za Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta zilibaki gizani kwa kuwa jenereta ya akiba ilikataa kuwaka. Akiba isiyojaribiwa ni matumaini matupu.

Twaitaka Wizara ya Kilimo ifanye mambo mawili kabla ya kila msimu wa kupanda. Kwanza, izime kwa makusudi sehemu ya hifadhi yake, irejeshe rejista kutoka katika akiba, na kuutangazia umma muda uliotumika. Pili, kila kituo kiwe na orodha iliyochapishwa na kutunzwa chini ya ufunguo, ili mtandao ukikatika mkulima ahudumiwe kwa kitambulisho chake.

Mkulima wa Lugari hahifadhi mbegu zake zote katika chungu kimoja. Wanaolitunza jina lake hawana udhuru wa kufanya kinyume cha hayo.